Joto la tanuri, la blanketi au la umeme ndani ya uzi: lipi litibu nyuzi za kaboni?

Huku Mtwara na Lindi wanaokutana na nyuzi za kaboni wanaongezeka, na shida zao hazifanani. Yupo mwenye droni ya kunyunyizia mikorosho, mkono wake umepata ufa wakati msimu wa ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, umepamba moto. Yupo fundi wa boti, Mikindani au Kilwa, aliyeletewa mlingoti mweusi wa mashua ya mgeni na kuambiwa autengeneze kabla kusi halijakolea. Na yupo mwanafunzi au mwalimu wa ufundi aliyesoma kwamba umeme ukipitishwa kwenye nyuzi za kaboni huzipasha moto mpaka kasoro zake zikapona, naye anatamani kujaribu. Wote watatu wanauliza swali moja: nitumie joto lipi?

Majibu wanayopewa yanawachanganya, kwa sababu maneno "kutibu kasoro" yanabeba kazi mbili zilizo mbali sana. Kuna kuitibu kaboni yenyewe, na kuna kuitibu resini, yaani gundi inayoishika kaboni. Kazi ya kwanza inataka digrii 2,000 hadi 3,000 za Sentigredi. Ya pili inataka digrii 60 hadi 180. Anayetaka kuziba ufa wa mkono wa droni akifuata maelekezo ya kazi ya kwanza, atabaki na majivu ya resini na nyuzi zilizolegea kama katani. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, tujue kwanza tunatibu nini.

Kasoro iko wapi?

Uzi mmoja wa kaboni una unene wa maikromita 5 hadi 10, wakati unywele wa mtu hufika 70 hivi. Nyuzi nyingi za sokoni hutokana na plastiki iitwayo poliakrilonitrili, njia iliyofanyiwa kazi na Akio Shindo wa Japani miaka ya kuzunguka 1960. Plastiki hiyo huokwa kwenye hewa ya kawaida kwa digrii 200 hadi 300, kisha huchomwa pasipo oksijeni hadi digrii 1,000 au 1,500. Kisichokuwa kaboni huondoka kama gesi. Kinachobaki ni matabaka ya atomi za kaboni, ila hayajanyooka yote: kuna atomi zilizokosekana, tabaka zilizopinda, vishimo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hiyo ndiyo kasoro ya kaboni yenyewe. Joto kali huzipa atomi nguvu ya kusogea na kujipanga upya, na uzi ukasogea hatua kwa hatua kuelekea mpangilio wa kinywe, madini yale yale yanayopatikana Ruangwa na Nachingwea.

Kasoro ya pili iko kwenye resini: ufa mdogo, tabaka zilizoachana, au gundi ambayo haikukauka sawasawa. Hii ndiyo inayowapata wenye droni na wenye boti, karibu kila mara.

Ya tatu ni nyuzi zilizokatika. Hapa niseme wazi, kwa kuwa ndipo watu wanapopoteza fedha: hakuna joto, liwe la tanuri au la umeme, linalounga uzi wa kaboni uliokatika ndani ya kifaa. Dawa yake ni kupiga msasa kwa mteremko mrefu na kubandika kiraka cha nyuzi mpya, zikifuata mwelekeo wa zile za zamani. Joto litakuja baadaye, kukikausha kiraka.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia tatu. Ya kwanza ni tanuri, ambalo kitu kizima huwekwa ndani yake. Ya pili ni blanketi la joto, yaani mpira wa silikoni wenye waya za kupasha ndani yake, unaolazwa juu ya sehemu inayotengenezwa. Mafundi wa ndege wamelizoea. Ya tatu ni kupitisha umeme ndani ya nyuzi zenyewe, ili uzi uwe mgonjwa na uwe jiko kwa wakati mmoja. Kila moja nimeiuliza maswali yale yale: joto linafika wapi, inataka hewa gani, linadhibitiwaje, inakula umeme na fedha kiasi gani, ina hatari gani, na utajuaje kwamba kasoro imepona.

Joto linafika wapi

Tanuri halichagui. Kila kilichomo kinapata joto, cha juu na cha chini, uzi mzima na uzi mfupi, uliofungwa na uliolegea. Hilo ni jambo kubwa kwa mwenye mabaki ya nyuzi zilizokatwakatwa, kwa sababu hana haja ya kuzishika kwenye ncha wala kuziunganisha na waya. Kasoro yake ni kwamba ili kuupasha uzi wa gramu chache, unapasha pia kuta, matofali na gesi yote iliyomo.

Blanketi linapasha kuanzia juu kwenda chini. Kwenye kiraka chembamba halina neno. Kwenye kipande kinene, au mahali penye mbavu ya chuma chini yake, upande wa chini unabaki nyuma: juu pameshafika digrii 80, chini bado pako 50, na chini ndipo gundi inapogusana na kifaa cha zamani.

Umeme ndani ya uzi ndio unaonivutia zaidi kati ya zote tatu, na nitakaa hapa kidogo. Mwaka 1841 James Prescott Joule alionyesha kwamba joto linalozalishwa kwenye waya linaendana na ukinzani wa waya ukizidishwa na mraba wa mkondo. Chukua sasa uzi mmoja wa kaboni. Mkondo unaopita kwenye uzi huo ni ule ule toka ncha hadi ncha. Mahali penye kasoro, elektroni zinagongana zaidi, ukinzani unapanda, na joto linazidi papo hapo. Yaani sehemu iliyo mgonjwa inapata dozi kubwa kuliko sehemu nzima, bila mtu kuielekeza. Tanuri haliwezi kufanya hivyo, wala blanketi.

Jambo hili lilitumika kabla hata watu hawajaanza kutengeneza ndege za kaboni. Taa za kwanza za umeme zilikuwa na uzi wa kaboni ndani ya kioo; wa Thomas Edison wa 1879 ulitokana na uzi wa pamba uliochomwa. Shida ilikuwa uzi kuwa na sehemu nyembamba, ambazo zilipata moto kupita kiasi na kukatika. William Sawyer na Albon Man, nao wa Marekani, waliupitisha umeme kwenye uzi huo ndani ya mvuke wa haidrokaboni. Palipokuwa pembamba ndipo palipowaka zaidi, na ndipo kaboni ya mvuke ilipoganda zaidi, mpaka uzi ukalingana. Kasoro ilijitafutia dawa yenyewe. Lakini tanuri nalo lina historia yake ya heshima: mwaka 1904 Willis Whitney wa General Electric alizichoma nyuzi za taa kwenye tanuri la umeme lenye joto kali mno, zikawa na tabia za umeme zinazokaribia za metali, na taa zikatoa mwanga zaidi kwa umeme ule ule. Njia zote mbili zilifanya kazi, kila moja kwa kasoro yake.

Umeme una mipaka yake. Uzi uliokatika haupitishi kitu, kwa hiyo hauponi. Mkondo unauzunguka na kupitia kwa jirani. Sehemu zilizobanwa na vibanio vya shaba hubaki baridi, kwa kuwa shaba inanyonya joto, na ncha hizo hukatwa zikatupwa. Kwenye kifaa chenye tabaka za nyuzi zilizopishana, umeme unapenda kufuata urefu wa uzi na haupendi kukatiza, hivyo joto linaweza kuwa kali kwenye tabaka moja na pungufu kwenye lingine. Na kama kifaa kimefungwa kwenye alumini, sehemu ya mkondo itakimbilia humo.

Kisha kuna jambo la kuangalia kabla ya yote. Boti nyingi za faiba zinazoonekana kwenye fukwe zetu ni za nyuzi za kioo, si za kaboni. Kioo hakipitishi umeme. Piga msasa kidogo mahali pasipoonekana, gusisha ncha mbili za mita ya umeme kwenye nyuzi. Kama mita haisomi chochote na nyuzi ni nyeupe, chaguo la tatu halipo kwako.

Hewa inayozunguka

Kaboni huanza kuliwa na oksijeni kwenye digrii 400 hadi 500 hivi. Kwa hiyo mwenye kazi ya digrii 2,000 na kuendelea, awe na tanuri au awe anapitisha umeme kwenye uzi, lazima aiondoe hewa: ama atengeneze ombwe, ama ajaze argoni, gesi isiyochangamana na kaboni. Naitrojeni inafaa kwenye joto la chini ya hapo, lakini digrii zikipita 2,000 nayo huanza kuingiliana na kaboni, ndiyo maana viwanda hubadilisha gesi hatua ya mwisho.

Mafundi wa kuchomelea wengi wana mtungi wa kabonidioksidi karakana, na kishawishi cha kuutumia ni kikubwa kwa kuwa argoni mara nyingi huagizwa Dar es Salaam. Usiutumie. Kwenye joto kali kabonidioksidi inaila kaboni na kugeuka monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua. Utaharibu uzi na utajihatarisha. Mwenye argoni ni yule fundi anayechomelea alumini na chuma kisichoshika kutu. Huyo ndiye wa kumwendea.

Umeme unampunguzia mtu mzigo hapa: fungu la nyuzi linaweza kukaa ndani ya bomba la kioo kigumu lenye gesi kidogo tu, wakati tanuri linataka kujazwa lote na kuendelea kulishwa muda wote wa kupanda na kushuka kwa joto.

Kwa kazi ya resini gesi haihitajiki. Adui wa pwani ni unyevu. Resini hunywa maji ya hewani taratibu, na kifaa kilichokaa Mtwara masika nzima ukikipasha ghafla, maji yale yanageuka mvuke na kuacha malengelenge chini ya kiraka. Osha chumvi kwa maji baridi, futa, kisha kaushia kwa digrii 60 au 70 kwa saa kadhaa kabla ya kugusa gundi. Kazi hiyo blanketi linaifanya vizuri kuliko umeme ndani ya uzi, kwa kuwa halihitaji uzifukue ncha za nyuzi.

Kulidhibiti joto

Tanuri ndilo tulivu. Ukiliwekea digrii fulani na muda wa kupanda, linatii, na leo na kesho unapata matokeo yanayofanana. Kwa utafiti unaotaka kurudiwa na wengine, utulivu huo una thamani kubwa.

Blanketi lina kidhibiti chake, nalo si gumu. Tatizo ni kingo, zinazobaki baridi, na upepo. Kusi likipiga kwenye karakana iliyo wazi, linachukua joto lote. Funika kwa godoro la pamba au blanketi la kawaida juu ya silikoni, na weka vipimajoto vya waya zaidi ya kimoja: katikati, ukingoni, na chini ya kipande kama panafikika.

Umeme ndani ya uzi unataka mtu anayeelewa jambo moja. Kaboni ya kawaida, tofauti na shaba, ukinzani wake hushuka joto likipanda. Ukiushikilia volti, ukinzani ukishuka mkondo unapanda, joto linapanda, ukinzani unashuka tena, na ndani ya sekunde chache uzi umeshaungua. Ukiushikilia ampea, ukinzani ukishuka nguvu nayo inashuka, na joto linatulia lenyewe. Hivyo chanzo cha umeme kiwe cha kudhibiti ampea. Nimeona watu wenye akili wakiunguza fungu baada ya fungu kwa kukosa kujua hili tu.

Nitoe mfano wa hesabu ili ieleweke ukali wake. Fungu la nyuzi 3,000 za kawaida, kila uzi maikromita 7, lina ukinzani wa takriban ohmu 15 kwa sentimita 10. Ukiliunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, zinapita kama ampea 0.8, nazo ni wati 10. Zinasikika chache, lakini zimesambaa kwenye utepe wa upana wa milimita mbili: fungu lililo wazi litafuka moshi. Ukilifupisha hadi sentimita 5, wati zinakuwa 20 kwenye nusu ya urefu, maana yake kila sentimita inapata mara nne. Urefu wa uzi ni swichi kama swichi nyingine.

Kupima nako kuna mtego. Vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso vimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Hadi digrii 1,200 hivi tumia kipimajoto cha waya cha aina ya K, kikiwa kimekingwa kisigusane na umeme wa uzi wenyewe. Juu ya hapo ni kipimajoto cha mwanga cha viwandani. Rangi nayo inasaidia kukisia: wekundu hafifu ni digrii 600 au 700, rangi ya chungwa ni kama 1,000, na ukiona weupe unaoumiza macho umeshapita mbali.

Umeme na mfuko

Tanuri la kufikia digrii 3,000 lina vipashio vya kinywe, pampu za ombwe, maji ya kupoza kuta na kilowati nyingi. Sijui njia ya kulifanya rahisi, na simshauri mtu binafsi kulinunua. Tanuri dogo la kukaushia resini kwa digrii 80 ni habari nyingine: sanduku la bati lenye kitambaa cha kuzuia joto, kipashio na feni linatengenezwa na fundi yeyote makini. Ila kifaa lazima kiingie ndani, na mlingoti wa mita kumi hauingii.

Blanketi la sentimita 30 kwa 30 hula takriban wati 700 likiwa limefunguliwa lote. Jenereta ndogo ya kilowati moja inalibeba, na yuniti za luku hazitoki nyingi kwa saa tatu nne za kukausha. Ununuzi wake ndio mzito, pamoja na kidhibiti, na kwa kawaida huagizwa. Lakini likishafika linatumika miaka.

Kiraka cha kitambaa cha kaboni cha sentimita 20 kwa 20, kinachopashwa kwa umeme wa ndani yake, kinatosheka na wati 120 hivi kikiwa kimefunikwa vizuri. Hapo ndipo njia hii inapowashinda wenzake kwa ubanaji matumizi. Angalia lakini zinavyokuja hizo wati: kitambaa cha kiasi hicho, tabaka moja, kina ukinzani wa kama ohmu 0.3, kwa hiyo unahitaji volti 6 na ampea 20. Waya ziwe nene, vibanio vya shaba viwe vipana na vibane upana wote wa kitambaa, la sivyo panaungua pale penye mgusano mbovu huku katikati pakibaki baridi. Ncha za kiraka ziachwe ndefu kama mikia nje ya sehemu yenye gundi, uzibane hapo, kisha uzikate resini ikishakauka.

Hatari

Vumbi la kaboni linapotoka kwenye msasa linawasha ngozi, halifai kuvutwa, na linapitisha umeme. Likiingia kwenye ubao wa saketi za droni linaweza kuunganisha visivyopaswa kuungana. Piga msasa ukiwa na barakoa nzuri, maji kidogo juu ya kipande, na vifaa vya umeme vya droni vimeondolewa kabisa.

Wenye droni za mikorosho wana hatari yao ya pekee: salfa, ile dawa ya ubwiriunga. Unga wake hujificha kwenye maungio ya mikono na hushika moto kwenye joto ambalo kazi mbaya ya umeme hulifikia upesi, kisha hutoa gesi inayokaba koo. Osha mkono wote, uukaushe, na upeleke kazi mbali na ghala la dawa.

Betri ya gari inaweza kusukuma ampea mamia ikigusanishwa vibaya. Fyuzi iwepo, karibu na betri. Kwenye kazi ya argoni, madirisha yawe wazi, kwa sababu gesi hiyo haina sumu lakini inaisukuma hewa ya kupumua na kukaa yenyewe chumbani. Tanuri na blanketi vina hatari za kawaida za moto na shoti, hazihitaji maneno mengi.

Utajuaje kwamba imepona?

Kwa kaboni yenyewe, ishara ya kwanza ni ukinzani kushuka ukipima kabla na baada, uzi ukiwa umepoa, kwa njia ya waya nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kupima volti, ili mgusano usikudanganye. Ushahidi wa uhakika zaidi ni mwanga wa Raman, yaani kuumulika uzi kwa leza na kuuchambua mwanga unaorudi. Kwenye mchoro wake, kilele kilicho karibu na namba 1,350 kinaonyesha kasoro, cha karibu na 1,580 kinaonyesha kaboni iliyojipanga, na kadiri cha kwanza kinavyopungua kikilinganishwa na cha pili ndivyo kasoro zilivyopona. Hicho ni kifaa cha maabara ya chuo, si cha karakana.

Ujue pia maana ya kupona. Nyuzi zitokanazo na poliakrilonitrili, zikipashwa zaidi ya digrii 1,500 hivi, ugumu wake wa kutopinda huendelea kupanda lakini nguvu yake ya kuvutwa huanza kushuka. Kuzivuta kidogo wakati zina moto husaidia matabaka kunyooka. Halafu lile koti jembamba linalowekwa kiwandani ili uzi ushikane na resini huungua mapema kabisa, na uso wa uzi uliojipanga sana unakuwa mtelezi kwa gundi. Anayezitibu nyuzi ili azitie kwenye resini lazima apange pia namna ya kuurudishia uso wake mshiko. Hili ni sawa kwa tanuri na kwa umeme.

Kwa resini, sarafu inatosha kuanzia. Gonga kidogo kidogo kuanzia sehemu nzima kuelekea kiraka. Sauti ikiwa kavu na ya wazi, tabaka zimeshikana. Ikigeuka nzito, ya kufifia, kuna uwazi chini. Weka alama kwa chaki uone umbo lake.

Nani achague nini

Mwenye droni, ufa haujakata nyuzi, na msimu unakimbia: blanketi, au sanduku dogo la joto kama mkono unafunguka. Unaweza kutumia gundi ya epoksi inayokauka bila joto, lakini jua la Mtwara linapasha kitu cheusi kufikia digrii 60 na zaidi, na gundi ambayo haijapashwa huanza kulegea karibu na 50. Ipashe digrii 60 hadi 80 kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema. Ikiwa bomba limepondeka na nyuzi zimekatika pande zote, nunua mkono mpya. Chombo kinachobeba lita za dawa juu ya vichwa vya watu hakiachiwi kiraka cha kubahatisha.

Fundi wa boti mwenye kipande kikubwa au kirefu cha kaboni, mahali pasipo na umeme wa uhakika: umeme ndani ya kiraka unastahili kujifunzwa. Betri mbili na chanzo cha kudhibiti ampea vinafika ufukweni, tanuri halifiki. Jaribu kwanza kwenye vipande vya kutupa, upime joto sehemu tatu nne, mpaka uamini vibanio vyako. Panapogusana kaboni na alumini kwenye hewa ya chumvi weka tabaka la kioo katikati, maana alumini italika.

Fundi ambaye kazi kama hizi zinamjia mara kwa mara, na vifaa ni vya maumbo mbalimbali: blanketi na kidhibiti chake. Si la ajabu, ila linasamehe.

Mwanafunzi au mwalimu wa ufundi anayetaka kuiona kaboni ikijiponya: umeme ndani ya uzi, kwa fungu moja fupi, ndani ya argoni au ombwe. Anza chini ya digrii 200, uchore ukinzani ukishuka joto likipanda, kabla hujafikiria weupe. Grafu hiyo peke yake ni mradi mzuri. Ukiwa na sampuli nyingi au nyuzi fupi fupi, na chuo unachoshirikiana nacho kina tanuri, peleka huko. Utapata matokeo yanayolingana bila kuhangaika na vibanio.

Na wapo wanaoniuliza kama njia hii inaweza kuongeza thamani ya kinywe cha Lindi. Umeme wa mshtuko, yaani mkondo mkubwa wa ghafla, umetumika kwa unga wa kaboni. Mwaka 2020 kundi la James Tour, Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, lilitangaza kugeuza kaboni ya kila namna, hata taka, kuwa grafini, yaani tabaka za kaboni zenye unene wa atomi moja, kwa muda usiofika sekunde moja. Lakini magamba ya kinywe cha Ruangwa tayari matabaka yake yamepangwa na ardhi yenyewe, kwa joto na mgandamizo. Kinachoyapunguzia bei ni uchafu wa mawe mengine uliomo. Mwenye kinywe aanze na usafishaji, na akihitaji joto kali la kufukuza uchafu wa mwisho, alitafute kwenye tanuri.